Jamhuri Jazz kwenye flashi ya Sh 20,000: sauti ipo, majina yamepotea

Katika mojawapo ya barabara za Ngamiani, mjini Tanga, zile zinazohesabiwa kwa namba badala ya kuitwa kwa majina, kipo kibanda cha kurushia nyimbo ambacho hakina hata kibao. Ndani yake mna meza, kompyuta moja, sabufa mbili na safu ya kaseti zilizopauka kwa jua nyuma ya kioo. Mwezi uliopita nilinunua hapo flashi ya gigabaiti 16 iliyoandikwa kwa kalamu nene "Zilipendwa za Tanga", kwa Sh 20,000, bei ya flashi yenyewe ikiwa ndani yake. Nimeisikiliza kwa majuma matatu, nyumbani na ndani ya gari, mara nyingine na mjomba wangu ambaye enzi hizo alikuwa kijana wa kwenda dansi kila mwisho wa mwezi. Tathmini hii inahusu hasa nyimbo za Jamhuri Jazz, kwa sababu ndizo zilizonipeleka pale, na kwa sababu ndizo zilizoteseka kuliko zote mikononi mwa aliyeipanga flashi hiyo.

Kwa msomaji ambaye jina hili halimwambii kitu, inafaa kueleza kwanza bendi ilikotoka, kwa kuwa bila hivyo hataona flashi imekosea wapi. Katika miaka ya hamsini Tanga ilikuwa mji wa mkonge, na mkonge ulilimwa na manamba, yaani vibarua walioletwa kutoka mikoa ya mbali kwa mkataba, wengi wao kupitia ile ofisi ya kuandikisha vibarua iliyojulikana kwa jina la SILABU. Wanyamwezi walikuwa miongoni mwa waliokuja kwa wingi, wakakaa mashambani na baadaye mjini, wakaanzisha vyama vyao vya kuzikana na kuchezeana ngoma, na kutoka katika mazingira hayo ikazaliwa bendi iliyoitwa Young Nyamwezi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 na kuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, majina ya kikabila hayakuwa tena na nafasi nzuri mbele ya watu, na Young Nyamwezi ikageuka kuwa Jamhuri Jazz. Neno jazz lisimpotoshe mtu. Katika majina ya bendi zetu za wakati ule lilimaanisha tu kwamba hapa panapigwa muziki wa dansi kwa magitaa na vyombo vya kisasa, na muziki wenyewe ulikuwa rumba na chacha zilizofika kwa santuri za Cuba na Kongo, kisha zikatiwa maneno ya Kiswahili na mwendo wa pwani.

Nikianza na sauti, mnunuzi hatajuta. Nyimbo nyingi katika folda hii zimetolewa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, na ukisikiliza kwa makini unaisikia sindano ikitua kwenye mfereji kabla gitaa halijaanza, kisha mchakaricho mwembamba unaoendelea chini ya wimbo mpaka mwisho. Mimi mchakaricho huo haunisumbui. Kinachosumbua ni kwamba kijana wa kibandani, kwa nia njema kabisa, ameuongeza mdundo wa chini ili nyimbo "zipige" kwenye sabufa, na matokeo yake besi imevimba hata gitaa la pili, lile linalokwenda sambamba na gitaa la solo likilijibu na kulizunguka, linazama. Nilipoipunguza besi kwenye redio yangu hadi karibu na mwisho, muziki ulifunguka ghafla kama dirisha lililokuwa na pazia zito, na mjomba aliyekuwa amejilaza akainuka akakaa kitako. Nawashauri watakaoinunua wafanye hivyo hivyo kabla ya kuhukumu chochote.

Ukishaipunguza, utasikia kile kilichoifanya bendi ya mji wa mkoa iwe na jina mbali na mkoa wake. Magitaa hayashindani kwa kelele. La kwanza linatamka, la pili linaitikia kwa sauti ya chini kidogo, la mdundo linashona nafasi iliyobaki, na waimbaji wawili au watatu wanaingia pamoja kwa sauti zilizopangwa, bila mmoja kutaka kumfunika mwenzake. Tumba haziharakishi. Katika wimbo mmoja wa mapenzi, ambao kwenye flashi umeandikwa "Track 07" na hakuna zaidi, mwimbaji anamaliza ubeti na gitaa la solo linarudia mkondo ule ule wa sauti aliotoka kuuimba, neno kwa neno karibu, kana kwamba halikuridhika na jinsi alivyousema, halafu linaongeza kipande kidogo cha kwake. Nimeurudia mahali hapo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu.

Sasa nifike kwenye kasoro ya kwanza kubwa. Santuri ya mizunguko 45 ilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kila upande, nao wimbo wa dansi ukumbini haukuisha kwa dakika tatu, kwa hiyo wenye studio waliugawa: upande wa kwanza ukabeba beti na kiitikio, na upande wa pili ukabeba mwendelezo, ambapo maneno hupungua na magitaa hupewa uwanja. Huko upande wa pili ndiko liliko chemko, sehemu ambayo watu waliolipa kiingilio waliisubiri, na ndiko mpiga solo alikoonyesha alichonacho. Katika flashi hii, nyimbo kadhaa zina upande wa kwanza peke yake. Wimbo unapanda, waimbaji wanaanza kurudia kiitikio, gitaa linatoa ishara ya kugeuza, na hapo sauti inafifia na wimbo mwingine unaanza. Ni sawa na kualikwa kwenye pilau, ukaonyeshwa sinia, ukanawishwa mikono, kisha chakula kikarudishwa jikoni. Katika nyimbo nyingine pande zote mbili zipo, lakini zimewekwa mbali mbali, moja mwanzoni mwa folda na nyingine mwishoni, kwa sababu kompyuta imezipanga kwa alfabeti, na aliyeandika majina aliuita upande mmoja kwa jina la wimbo na mwingine kwa maneno ya kwanza yanayosikika. Ilinichukua jioni nzima kuzipatanisha jozi nne.

Kasoro ya pili ni ya majina, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ndani ya flashi kuna folda nne: Atomic, Jamhuri, Taarabu na Wanyika. Hiyo ya mwisho imejaa kuliko zote, na nilipoifungua nilikuta kwamba si nyimbo chache zilizomo humo ni za Jamhuri Jazz, zimeingizwa kwa Simba Wanyika bila aibu. Kosa lenyewe lina historia yake. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson Kinyonga na George Kinyonga, walijiunga na Jamhuri Jazz mwaka 1966. Mwaka 1970 wakaenda Arusha, wakaungana na ndugu yao William na kuunda Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya, ambako bendi yao ikawa Simba Wanyika. Kutoka Simba Wanyika nako wakachomoka wanamuziki walioanzisha Les Wanyika mwaka 1978, waliokuja kutoa wimbo "Sina Makosa" ambao hata mtoto aliyezaliwa jana ameusikia harusini. Kwa hiyo msikilizaji wa leo anaifahamu familia ya Wanyika kwanza, kisha anarudi nyuma, na kila anachokikuta huko nyuma kinachofanana na Wanyika anakiita Wanyika. Mtoto amempa baba jina.

Ninakataa mpangilio huo kwa sababu unakula miaka ya kazi. Kina Kinyonga walipoingia Jamhuri Jazz waliikuta bendi inayojulikana, yenye mashabiki, yenye namna yake ya kupanga magitaa na sauti, na ilikuwa ndiyo shule waliyopitia kabla ya kwenda kufundisha wengine. Ukizisikiliza nyimbo hizi kwa kufuata wakati, yaani Jamhuri kwanza na Wanyika baadaye, unausikia ule mtindo wa gitaa la mdundo lenye kushona taratibu ukisafiri kutoka Tanga hadi Nairobi, ukinyooka na kupata studio bora. Ukizichanganya kama flashi hii ilivyozichanganya, unasikia bendi moja tu iliyorekodi vibaya siku fulani na vizuri siku nyingine. Wala kuzitofautisha si kazi ya kitaalamu. Rekodi za Jamhuri za miaka ya sitini zimebanwa zote mahali pamoja, kama bendi nzima imesimama mbele ya mlango mmoja, ilhali zile za Wanyika za baadaye zimetandazwa, ngoma ina mahali pake, besi ina mahali pake, na gitaa moja linatoka spika ya kushoto jingine ya kulia. Zaidi ya hayo, bendi za wakati ule zilikuwa na tabia ya kujitaja ndani ya nyimbo zao. Katika wimbo mmoja uliomo kwenye folda ya Wanyika mwimbaji anaisifu Jamhuri Jazz kwa jina, waziwazi, mara mbili. Aliyeuweka pale hakuusikiliza hadi mwisho.

Folda ya Atomic Jazz imepangwa vizuri zaidi, labda kwa kuwa Atomic haikupata mtoto maarufu wa kuwanyang'anya wazazi sifa. Hawa ndio waliokuwa wapinzani wa Jamhuri hapa hapa mjini, na upinzani wao mjomba anaufananisha na ule wa Coastal Union na African Sports: nyumba moja, meza moja ya chakula, na bado watu wawili wasisemezane hadi Jumatatu. Kuwa na bendi mbili za kiwango hicho katika mji wa ukubwa wa Tanga, Dar es Salaam ikiwa na zake na Morogoro na zake, kulizifanya zote mbili zisilale. Ukipiga wimbo wa Atomic na kufuatisha wa Jamhuri unaona jinsi kila upande ulivyokuwa ukisikiliza mwenzake, na hilo ndilo jambo pekee ambalo flashi hii inalifanya vizuri zaidi ya mkusanyo wa bendi moja.

Kuna nyimbo tatu ambazo zimehamishwa kwa kasi isiyo yake. Waimbaji wanasikika kama wamemeza hewa ya puto na tumba zinakimbia. Nilizirekebisha kwa programu ya bure kwenye simu, lakini si kila mnunuzi atajua afanye nini, na wengine watadhani ndivyo watu walivyokuwa wakiimba.

Folda ya Taarabu niliipitia kwa haraka, ingawa ina Black Star na Lucky Star, klabu mbili za Tanga zilizoingiza gitaa na besi katika taarabu wakati wengine bado walikuwa na ganuni na fidla, na ina sauti ya Shakila binti Saidi akiwa bado kijana. Naitaja kwa jambo moja tu. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa albamu ya klabu hizo mbili kwa jina la "Nyota", nyimbo zikiwa zimetengwa kila moja kwa wenyewe, na tofauti kati ya albamu ile na folda hii ni tofauti kati ya kabati na gunia. Vitu vinaweza kuwa vile vile ndani, lakini kwenye kabati unajua unachokitafuta kiko wapi. Jamhuri Jazz inastahili kabati.

Inafaa pia mnunuzi ajue kwa nini nyimbo hizi zimetufikia zikiwa zimechanika namna hii, ili asimlaumu kijana wa kibandani kwa yote. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri wakati ule. Bendi ya Tanga ilikuwa na njia mbili: kurekodi kwa makampuni ya Kenya, yaliyofyatua santuri na kuziuza Afrika Mashariki nzima, au kwenda Dar es Salaam kurekodi redioni, kwa lile shirika la utangazaji ambalo mwaka 1965 lilikuja kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Santuri zilizagaa majumbani, zikachunwa na sindano mbovu, zikapinda kwa joto la paa la bati. Kanda za redio zilibaki redioni. Hivyo kilichomo kwenye flashi ya Ngamiani ni kile kilichonusurika sebuleni kwa watu, kikahamia kwenye kaseti, kikatoka kwenye kaseti kikaingia kwenye kompyuta, na kila kilipohama kiliacha jina au upande mmoja njiani.

Bendi yenyewe nayo haikusaidiwa na nyakati. Tanganyika ilikuwa inatoa mkonge zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya sitini, ikiongoza duniani, kisha kamba za nailoni na plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na mashamba yakaanza kupunguza watu. Mshahara wa shamba ndio uliokuwa kiingilio cha dansi. Wakati huo huo, kuanzia NUTA Jazz mwaka 1964, vyama na vyombo vya umma vilianza kuwa na bendi zao zenye vyombo vizuri na mshahara wa kila mwezi, jambo ambalo bendi ya klabu yenye kutegemea mlango haikuweza kulipatia jibu. Vyombo vilikuwa mali ya bendi, si ya mpigaji, kwa hiyo mpigaji aliyepata mwito wa Dar es Salaam au Nairobi aliliegemeza gitaa ukutani na kuondoka na vidole vyake tu. Watu wa hapa tunajisifu kwa msemo wa "waja leo waondoka leo" kuwatania wageni, lakini kwa upande wa muziki walioondoka walikuwa ni wa kwetu.

Kuhusu huduma, sina malalamiko ya tabia. Nilirudi kibandani siku ya Jumanne na karatasi yenye orodha ya makosa. Kijana alinipa kiti, akanipa shikamoo, akaisoma karatasi yote bila kununa.

"Mzee wangu, hizi mimi nilizipokea hivi hivi," alisema. "Mteja akija anaomba Wanyika. Jamhuri haombi mtu."

Nikamuuliza ataiombaje iwapo haijui ipo.

Alicheka, akafungua ule wimbo unaoitaja Jamhuri Jazz, akausikiliza hadi sehemu yenyewe, akaurudisha nyuma akausikiliza tena. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kuchajiwa simu akadakia kutoka mlangoni kwamba hiyo ni Jamhuri, alikuwa ameshaijua tangu gitaa la kwanza, na kwamba upande wa pili wa santuri hiyo ni mtamu kuliko wa kwanza, akauliza uko wapi. Haukuwapo. Mzee alisikitika kwa namna ambayo maneno yangu yote ya humu hayajaifikia.

Jambo moja ambalo sikulipata jibu la kuniridhisha ni malipo ya wenye nyimbo. Nchi ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na chombo cha kuisimamia, COSOTA, na kijana alikiri kwamba katika ile Sh 20,000 hakuna hata senti inayokwenda kwa mwanamuziki au kwa warithi wake. Hata angetaka kulipa, kwa majina yaliyoandikwa kwenye flashi hii fedha za Jamhuri Jazz zingekwenda kwa mtu mwingine. Mnunuzi alipime hilo mwenyewe.

Kwa hiyo, je, flashi inunuliwe? Kwa anayetaka muziki wa kusindikiza chai ya jioni barazani, Sh 20,000 ni bei ya haki kabisa, na hatapata kwa fedha hiyo magitaa matamu kuliko haya. Kwa anayetaka kuijua Jamhuri Jazz, aichukue kama malighafi: aandae karatasi, aanze na folda ya Jamhuri, kisha aipekue ya Wanyika akiwa na masikio wazi, na ajiandae kusononeka kila wimbo unapokatika kabla ya chemko. Ningependa kuiona ikiuzwa kwa Sh 30,000 ikiwa imepangwa sawasawa, na ningelipa nyongeza hiyo bila kuomba kupunguziwa.

Nilipopita tena Jumamosi nilikuta kazi imeanza. Nyimbo sita zimehamishwa kutoka Wanyika, jozi mbili zimeunganishwa, upande wa kwanza na wa pili, na pengo la sekunde moja katikati ambapo zamani mtu alikuwa akiinuka kuigeuza santuri. Kijana amenirushia mafungu mapya bure. Folda ameiandika "Jamhur Jazz", bila i ya mwisho, nami nimeirekebisha kwangu nyumbani.